Barua Yako Inapita Wapi? Safari ya Habari Ndani ya Modemu ya Setilaiti

Leo tuzungumze juu ya kile kisanduku kidogo chenye taa, kinachokaa ndani ya nyumba wakati dishi limekaa nje juani. Kinaitwa modemu. Vikundi vinafikiria kuchanga pesa ili kuwa na intaneti ya setilaiti, na hilo ni jambo jema. Lakini kabla ya mtu kununua ng'ombe humkagua meno. Basi na sisi tukikague kisanduku hiki, tujue kinafanya nini na habari zetu.

Tuanze na mfano

Tuseme kuna kikundi cha akina mama hapa Oldonyiro. Hatusemi kikundi fulani, kwa maana jambo hili linaweza kukipata kikundi chochote. Kiangazi kimekaza na mbuzi wamekonda. Akina mama wanaamua kununua marobota 100 ya nyasi kavu kutoka kwa mfanyabiashara wa Nanyuki. Kila robota ni shilingi 300, kwa hivyo jumla ni shilingi 30,000. Ndizo pesa zote zilizo kwenye kitabu cha mweka hazina.

Mama katibu anaenda kwenye nyumba yenye dishi, anaandika barua pepe, anabonyeza "tuma". Kile kiduara kwenye simu kinazunguka, kinazunguka. "Haijaenda hii," anasema. "Andika tena, mama," mwenzake anamwambia. Anaandika tena. Bado kinazunguka. Mwisho mwenyekiti anatoa simu yake mwenyewe na kuandika ya tatu.

Baada ya siku tatu lori linafika na marobota 300. Mfanyabiashara anataka shilingi 90,000. Amepata barua tatu, na kila moja inasema marobota 100. Sasa kikao kinageuka kuwa kelele.

Nani alaumiwe? Mama katibu hakukosa nia njema. Mfanyabiashara alifuata alichoandikiwa. Hata dishi halikuharibika. Barua ya kwanza ilifika salama. Kilichochelewa ni jibu la kusema "imefika". Ukielewa maneno hayo mawili, kwenda na jibu, umeelewa modemu ya setilaiti.

Modemu ni nini?

Simu yako haijui herufi wala picha. Kila kitu ndani yake kimeandikwa kwa alama mbili tu, 0 na 1. Kwa mfano herufi A huandikwa 01000001. Alama nane kama hizo tunaziita baiti moja. Barua fupi ina baiti elfu moja hivi. Picha moja ya simu inaweza kuwa na baiti milioni 3, yaani megabaiti 3.

Lakini alama hizo haziwezi kuruka angani zenyewe. Kinachoruka ni mawimbi ya redio. Fikiria mchungaji mwenye mluzi. Ana mluzi mmoja wa kupeleka mifugo kwenye maji na mwingine wa kuwarudisha nyumbani. Mluzi ni sauti tu, lakini kwa kuubadilisha anapeleka ujumbe. Modemu nayo hufanya hivyo na wimbi la redio. Inaweza kulibadilisha kwa namna nne: ya kwanza maana yake 00, ya pili 01, ya tatu 10, ya nne 11. Modemu iliyo upande wa pili husikiliza milio hiyo na kuirudisha kuwa 0 na 1. Kazi ya modemu ni hiyo: kutia habari kwenye wimbi, na kuitoa tena.

Safari ya kwenda, hatua kwa hatua

1. Barua inakatwa vipande. Simu hukata habari kuwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Pakiti moja kwa kawaida haizidi baiti 1,500. Kila pakiti hupewa nambari, pamoja na anwani ya inakotoka na inakokwenda. Ni kama kupeleka magunia ya mahindi: kila gunia limeandikwa jina la mwenyewe na nambari yake. Barua fupi ni pakiti chache. Ile picha ya megabaiti 3 ni kama pakiti 2,000! Pakiti hizo hutoka kwenye simu na kuingia kwenye modemu kwa waifai au kwa waya.

2. Modemu inaongeza kinga. Njiani mawimbi huchafuka na alama nyingine hupotea. Kwa hivyo modemu haitumi habari peke yake. Inaongeza alama za ziada za kusaidia. Hebu fikiria unamtuma mtoto kwa jirani: "Mwambie mbuzi 7, kondoo 5, jumla 12." Mtoto akifika amesahau kondoo, jirani hana shida. Atatoa 7 kwenye 12 na kupata 5. Ile jumla ndiyo kinga. Modemu hufanya hesabu ngumu kuliko hiyo, lakini maana yake ni ile ile: kilichopotea kidogo kinaweza kupatikana bila kurudi nyumbani kuuliza.

3. Modemu inangoja zamu. Setilaiti moja inatumiwa na madishi mengi sana. Yote yakirusha kwa pamoja, hakuna atakayesikika. Ni kama kisimani wakati wa ukame: kila mwenye mifugo ana zamu yake kwenye birika, na akiingilia zamu ya mwingine kunakuwa na ugomvi. Kituo kikuu cha ardhini hugawa zamu hizo, nyingine fupi kuliko kufumba jicho. Watu wakiwa wengi jioni, foleni inakuwa ndefu. Ndiyo sababu asubuhi na mapema mtandao huwa mwepesi zaidi.

4. Habari inapanda. Zamu ikifika, modemu hupeleka mawimbi kupitia waya hadi kwenye kichwa kilicho kwenye mkono wa dishi. Kichwa hicho huyaongezea nguvu na kuyarusha kwenye dishi, na dishi huyakusanya na kuyaelekeza mahali pamoja, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga.

5. Setilaiti inapokea na kurudisha chini. Setilaiti ya kawaida haisomi barua yako. Inapokea mawimbi yaliyodhoofika, inayabadilisha masafa ili ya kwenda yasigongane na ya kurudi, inayapa nguvu na kuyatuma chini.

6. Kituo cha ardhini kinapokea. Hapo kuna dishi kubwa na modemu nyingine. Mawimbi yanageuzwa kuwa 0 na 1, pakiti zinaingia kwenye nyaya za kawaida za intaneti, na zinaenda mpaka kwenye kompyuta inayotunza barua za yule mfanyabiashara.

7. Pakiti zinahesabiwa. Jioni mchungaji mzuri husimama mlangoni mwa boma na kuhesabu. Akikosa mbuzi mmoja anajua ni yupi, na mtoto anatumwa kumtafuta huyo tu, si kundi lote. Kompyuta ya upande wa pili hufanya hivyo hivyo. Inaangalia nambari za pakiti. Ikikosa ya 14, hakuna jibu la "nimepata ya 14", na simu yako huituma tena yenyewe bila wewe kugusa kitu. Zikitimia, barua inawekwa pamoja na jibu linarudi: "Imefika."

Kwa nini jibu linachelewa?

Setilaiti za namna ya zamani ziko mbali sana, kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Kwa umbali huo setilaiti huzunguka dunia mara moja kwa siku, sawasawa na dunia yenyewe inavyojizungusha. Kwa hivyo sisi huku chini tunaiona kama imesimama mahali pamoja, na dishi linafungwa kwa boliti bila kuhitaji kuifuata. Hapa kwetu tuna bahati. Ikweta inapita karibu na Nanyuki, na Oldonyiro iko kaskazini yake kidogo tu. Setilaiti iliyowekwa juu ya Afrika Mashariki inakaa karibu na utosi wetu.

Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000 hivi, kwa hivyo safari moja inachukua karibu robo ya sekunde. Jibu nalo linachukua robo nyingine. Jumla ni nusu sekunde, na kwa sababu ya zamu na kazi za modemu huzidi kidogo.

Utasema nusu sekunde ni kitu gani? Kumbuka kwamba ukiingia kwenye boma la watu husemi shida yako moja kwa moja. Unabisha hodi, unasalimu, unaulizwa habari za nyumbani na za mifugo, ndipo mnafika kwenye jambo. Simu pia hubisha hodi. Inauliza anwani, inasalimiana na kompyuta ya mbali, wanakubaliana jinsi ya kufunga mazungumzo kwa siri, inataja jina na neno la siri. Kila swali lina safari yake ya kwenda na kurudi. Zikiwa safari 20, tayari ni zaidi ya sekunde 10. Ongeza foleni ya jioni, ongeza mvua, na kiduara kitazunguka dakika nzima.

Kuna jambo lingine. Modemu nyingi za setilaiti hizi za juu, ili kupunguza kungoja, humjibu mwenye simu haraka kwa niaba ya upande wa mbali, halafu zenyewe zinaendelea kusukuma pakiti. Kwa hivyo simu inaweza kuonyesha kwamba habari zimeondoka, kumbe bado ziko njiani. Kuondoka si kufika.

Setilaiti za juu na setilaiti za chini

Kenya ilianza kutumia njia ya angani zamani. Kituo cha ardhini cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi simu za kwenda nchi za mbali zilipitia huko. Intaneti ilipokuja, nayo ilitegemea setilaiti kuunganisha nchi yetu na dunia. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na miji ikahamia kwenye nyaya. Setilaiti imebaki kuwa msaada mkubwa wa sehemu ambazo waya na mnara havijafika.

Mwezi wa Julai 2023 huduma ya Starlink ilianza Kenya. Setilaiti zake ziko chini, kama kilomita 550 tu, kwa hivyo jibu linarudi haraka sana. Lakini zilizo chini hazisimami mahali pamoja. Kila moja huzunguka dunia kwa muda wa kama dakika 95, inapita juu yetu na kwenda zake. Ndiyo maana zinahitajika maelfu, na dishi lake hubadilisha lenyewe kutoka setilaiti moja hadi nyingine. Dishi la namna hii linataka kuona anga kubwa iliyo wazi. Mgunga mmoja ulio karibu unaweza kukata mazungumzo kila baada ya muda mfupi. Dishi la setilaiti ya juu linataka tundu moja tu la anga, lakini linataka lielekezwe sawasawa.

Hatua zile tulizotaja ni karibu zile zile kwa aina zote mbili. Kinachotofautiana zaidi ni umbali na kungoja.

Mvua, mbuzi na radi

Mvua: Matone ya maji hunywa nguvu za mawimbi haya. Mvua kubwa ikishuka, modemu hufanya kama mtu anayeongea kwenye upepo: inasema polepole na kwa maneno rahisi. Inapunguza aina za milio na kuongeza kinga. Habari zinapita pole pole, au zinasimama kabisa. Usiguse dishi. Ngoja mvua ipungue.

Mbuzi: Usicheke. Mbuzi akijikuna kwenye nguzo ya dishi la setilaiti ya juu, akalisogeza digrii moja tu, kule juu dishi litakuwa limekosea kwa zaidi ya kilomita 600! Zungusha nguzo kwa miiba na uishindilie kwa simiti.

Radi: Mawingu ya radi yakikaribia, ng'oa waya wa umeme wa modemu na, kama inawezekana, ule wa kutoka kwa dishi. Fanya hivyo mapema, kabla radi haijafika juu yako. Pia watoto wasisimame mbele ya kile kichwa cha dishi wakati kinarusha.

Soma taa kabla ya kulaumu mtu

Modemu nyingi za setilaiti za juu zina taa tano hivi. Majina yanatofautiana, lakini kazi ni hizi:

- Taa ya umeme. Ikizimika, angalia betri na waya.
- Taa ya kupokea. Ikizimika, dishi halisikii setilaiti: ni mvua, au limesogea, au waya umelegea.
- Taa ya kurusha. Ikizimika huku ya kupokea inawaka, mnasikia lakini hamwezi kusema. Angalia waya wa kichwa, kisha mwite fundi.
- Taa ya mfumo. Ikiwaka, modemu na kituo cha ardhini wanaelewana.
- Taa ya waya wa ndani. Hii ni ya kompyuta yenu na modemu tu.

Zote zikiwaka na bado hakuna intaneti, huenda bando limekwisha, au shida iko mbele zaidi. Lakini kumbuka: taa zote kuwaka maana yake njia iko wazi. Hazisemi kwamba barua yako imefika.

Madishi ya setilaiti za chini mara nyingi hayana taa hizi. Hali yake unaisoma kwenye programu ndani ya simu.

Kabla ya kuchanga pesa

Kwanza, umeme. Tuseme dishi na modemu vinakula wati 75. Kwa saa 8 ni wati-saa 600. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi, na betri ya asidi inadumu zaidi msipotumia zaidi ya nusu yake. Kwa hivyo saa 8 zimeimaliza sehemu yenu. Soma wati zilizoandikwa kwenye chombo mnachotaka, mfanye hesabu hiyo hiyo kabla ya kununua sola.

Pili, bando. Picha moja ya megabaiti 3 inakula sawa na barua fupi 3,000. Dakika moja ya video inaweza kupita megabaiti 60. Simu pia hupenda kujiongezea programu mpya kimya kimya. Zima kazi hiyo, la sivyo bando la kikundi litaisha bila mtu kuandika hata barua moja. Taarifa ya ukame ya kila mwezi inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, ichukuliwe mara moja kwenye simu moja, kisha wengine wapewe kutoka hapo.

Tatu, malipo ya kila mwezi. Dishi hununuliwa mara moja, bando halina mwisho. Mwezi ambao mvua imekosa na mbuzi hawauziki, nani atalipa?

Turudi kwa wale akina mama

Wangefanyaje? Wangefanya kama modemu yenyewe inavyofanya: kutia nambari, kuhesabu, na kungoja jibu.

Barua ingeanza hivi: "Oda nambari 7 ya mwaka huu. Marobota 100. Tafadhali jibu kwa kutaja nambari hii. Usilete kabla hatujathibitisha." Hata kama ingetumwa mara tatu, mfanyabiashara angeona nambari 7 mara tatu na kujua ni oda moja. Nambari hiyo iandikwe pia kwenye kitabu cha katibu, na jibu likija liandikwe mbele yake. Oda isiyo na jibu isihesabiwe kama imefika, wala isihesabiwe kama imepotea. Inangojewa.

Wanaotumia WhatsApp wana alama za kuwasaidia. Saa ndogo maana yake ujumbe bado uko kwenye simu yako. Tiki moja, umefika kwenye kompyuta za WhatsApp. Tiki mbili, umefika kwenye simu ya mwenzako. Ukiona ile saa, usiandike upya. Ujumbe utaondoka wenyewe njia ikifunguka. Na ikiwa ni jambo la pesa nyingi, hata tiki mbili hazitoshi. Ngoja mtu mwenyewe aseme "nimepata, ni marobota 100".

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kutuma oda? Ni mmoja au ni kila mwenye simu?
2. Oda zetu zina nambari? Kitabu kiko wapi?
3. Tukinunua dishi, litafungwa wapi ili lione anga na mbuzi wasilifikie?
4. Bando likibaki kidogo mwisho wa mwezi, ni kazi gani itatangulia?

Zungumzeni haya kabla ya kutoa hata shilingi moja, na katibu aandike majibu. Mkikubaliana juu ya nambari na jibu, hata barua ikichelewa angani, pesa za kikundi zitakuwa salama.